Kiwewe cha kina mama katika mfumo wa ulinzi wa watoto (Kisiwani Mombasa)

Ni jeraha la nafsi linalompata mama anayenyang'anywa mtoto kisheria, au anayeishi akihofia kunyang'anywa. Dalili zake ni kukosa usingizi, kushtuka hodi ikibishwa mlangoni na kuwakwepa maafisa wa watoto. Hili la mwisho lina hatari yake: faili huandika kwamba mama hajali, kumbe anaogopa.

Kisiwani, kesi za ulezi na ulinzi wa watoto husikizwa katika Mahakama ya Watoto ya Tononoka, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Kwa Mwislamu wa Mji wa Kale njia huwa mbili, maana talaka iko kwa Kadhi kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Basi mama aliyepigwa na mumewe, kadi ya kliniki ya mtoto mkobani, husimulia kipigo kilekile mara ya pili mbele ya wageni, na huko kusimulia upya peke yake ni adha.

Utafiti wa Manitoba, Kanada, uliochapishwa 2018, uliona kwamba mama walionyang'anywa watoto walipata sonona na wasiwasi zaidi kuliko waliofiwa na watoto. Si ajabu: msiba una tanga na majirani hukaa matangani, lakini aliyenyang'anywa hatembelewi, husengenywa barazani.

Mtoto anapolazimika kulelewa na wengine, Sheria ya 2022 inatambua pia kafala, ulezi wa Kiislamu usiofuta nasaba ya mtoto.