Sekunde 56

Mjomba wangu alilimwa kadi nyekundu mara moja tu maishani, kwenye ndondo ya mtaani, kabla sijazaliwa. Alicheza beki ya kushoto miaka tisa. Wazee wa kijiweni wakimtaja, wanasimulia ile kadi. Miaka tisa haina msimuliaji.

Labda ndiyo maana, katika wiki niliyopaswa kuandika sura ya pili ya tasnifu yangu, nilijikuta narudia video ya Juni 13, 1986.

Ni Nezahualcóyotl, pembezoni mwa Mexico City, mechi ya mwisho ya kundi. Scotland ya Alex Ferguson imepoteza mechi mbili, ila ikishinda inapita. Uruguay imetoka kupigwa 6-1 na Denmark, lakini sare inaitosha. Mpira unaanza. Gordon Strachan, kiungo mfupi mwenye nywele nyekundu, anaupokea, na José Batista, beki wa miaka 24, anamjia kwa nyuma na kumfyeka. Mwamuzi Mfaransa, Joël Quiniou, anatia mkono mfukoni. Unasubiri njano. Inatoka nyekundu.

Sekunde 56. Hadi fainali za 2022, hakuna aliyetolewa mapema zaidi katika Kombe la Dunia la wanaume.

Kadi yenyewe ilikuwa bado changa. Mwaka 1962, huko Santiago, mwamuzi Mwingereza Ken Aston alimtoa Giorgio Ferrini wa Italia mapema kwenye mechi dhidi ya Chile. Ferrini akagoma, ikabidi polisi waingie kumtoa. Baadaye Aston huyo huyo ndiye aliyebuni kadi, akichukua rangi za taa za barabarani. Zilianza kutumika Mexico 1970, na mashindano yale yakaisha bila nyekundu hata moja. Ya kwanza ilimwangukia Carlos Caszely wa Chile mwaka 1974. Batista, kwa hiyo, hakuhitaji polisi. Kipande cha rangi kilitosha.

Lakini kinachonishika kwenye video ile ni kile kinachofuata, ambacho orodha za rekodi hazina nafasi nacho. Zilibaki dakika 89, watu kumi dhidi ya kumi na mmoja. Uruguay walipoteza muda, walicheza rafu, walijazana nyuma. (Kusema kweli, ni mechi mbaya sana kuitazama.) Scotland hawakupata bao. Bila kwa bila, wakapanda ndege kurudi kwao, na timu iliyoadhibiwa ikasonga mbele. Kocha wake, Omar Borrás, alimwita mwamuzi muuaji, na FIFA ikamzuia kukaa kwenye benchi mechi iliyofuata, waliyofungwa 1-0 na Argentina.

Sisi wanafunzi wa historia tunajidai kuchunguza sababu na matokeo, kisha tunashika sekunde kwa kuwa sekunde inahesabika. Nani atahesabu kazi ya watu kumi kwa dakika 89?

Likizo iliyopita nilimwonyesha mjomba video hiyo kwenye simu. Nilitegemea acheke, au angalau aguswe. Aliitazama rafu mara moja, bila neno. Kisha akauliza:

"Sasa nafasi yake aliiziba nani?"

Sikujua. Akachukua simu, akasogeza mbele hadi dakika ya pili, akaanza kuwahesabu mabeki kwa kidole.