Matairi ya theluji kwenye lami ya Dar: Jinsi ya kuchagua tairi sahihi kwa gari linalotoka Japani

Mark X imetoka bandarini. Rangi inang'aa, rimu hazina mkwaruzo, na matairi bado yana kashata ndefu kama mapya. Mwenye gari anaona ameokoa pesa ya matairi manne. Lakini ubavuni mwa tairi kuna neno moja ambalo wengi hulipita bila kulisoma: "STUDLESS".

Neno hilo linamaanisha tairi lilitengenezwa kwa ajili ya theluji na barafu. Mahali pake ni Sapporo mwezi Januari, siyo barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro saa nane mchana.

Kwa gari lolote, tairi la aina hiyo kwenye joto ni hasara. Kwa sedani zenye nguvu kama Toyota Mark X, Crown Athlete au Subaru Legacy B4, ni hatari pia, kwa sababu injini inakimbia kuliko mpira unavyoweza kushika barabara. Haya ndiyo ya kujua kabla ya kuagiza gari, au kabla ya kwenda dukani kununua matairi.

Aina tatu, tofauti kubwa ni mpira

Matairi ya magari madogo yako katika makundi matatu: ya joto, ya baridi na ya misimu yote. Wengi hudhani tofauti yake ni michoro tu. Michoro inachangia, ila jambo kubwa ni mchanganyiko wa mpira wenyewe.

*Tairi la joto.* Mpira wake hubaki imara lami inapochemka. Kashata zake ni pana na hazichezi gari linapokata kona. Kwenye lami kavu na kwenye mvua ya nchi za joto, ndilo linalosimamisha gari mapema zaidi. Udhaifu wake ni baridi: likipoa sana hukakamaa na kuteleza.

*Tairi la baridi.* Mpira wake umetengenezwa ubaki laini hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Kashata zake zimejaa mikato myembamba kama ya wembe, ambayo hung'ata theluji. Joto likipanda, ulaini huohuo unageuka kuwa tatizo.

*Tairi la misimu yote.* Hili ni la kati kwa kati. Kampuni ya Goodyear ilianza kuliuza nchini Marekani mwaka 1977 kwa jina la Tiempo, ili dereva asilazimike kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Linafanya kila kazi kwa kiasi, lakini halishindi tairi la joto kwenye joto, wala la baridi kwenye theluji.

Watengenezaji wengi hutumia nyuzi joto 7 za Selsiasi kama mpaka. Chini ya hapo tairi la baridi linaanza kufaa. Juu ya hapo tairi la joto ndilo lenye faida. Sasa fikiria Dar es Salaam au Mombasa, ambako hata usiku wa Julai joto halikaribii nyuzi 7.

Kwa nini magari ya Japani huja nayo

Japani ni nchi ndefu. Okinawa, kusini, karibu hawaijui theluji, lakini Hokkaido na mikoa ya kaskazini huishi nayo miezi kadhaa kila mwaka. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari hiyo ilikwangua lami na kujaza vumbi mijini, hadi mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyadhibiti.

Tairi la baridi lisilo na misumari ndilo lililochukua nafasi. Bridgestone walikuwa wameshaingiza Blizzak sokoni mwaka 1988. Yokohama wana iceGUARD, na Dunlop wana WINTER MAXX. Majina hayo matatu yanafaa kukaririwa, maana yakionekana kwenye tairi hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Katika mikoa ya theluji, mwenye gari huwa na seti mbili. Likiuzwa wakati wa baridi, gari linaweza kwenda mnadani na seti ya baridi, na mnunuzi wa Afrika Mashariki akaletewa hivyohivyo. Matairi kama hayo huweza pia kuuzwa kama mtumba, na mnunuzi akavutiwa na urefu wa kashata tu.

Kinachotokea kwenye joto

Kwanza, breki. Dereva akikanyaga breki ghafla, kashata laini zinajikunja badala ya kushika lami. Gari linasimama mbali zaidi kuliko lingesimama likiwa na tairi la joto. Kwenye foleni ya Mandela au Thika Road, mita chache ndizo zinazoamua kama gari la mbele litaguswa au la.

Pili, kona. Usukani unakuwa mzito kujibu. Dereva anakata, gari linachelewa kidogo, kisha linafuata kwa kuyumba. Kwenye mteremko wa Kitonga, hilo si jambo la kujaribia.

Tatu, mvua. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona mikato mingi, wanasema tairi hili litakuwa zuri kwenye maji. Mikato ile imewekwa kwa ajili ya barafu na utando mwembamba wa maji ulio juu yake. Mvua ya masika ikitandaza maji barabarani, kinachohitajika ni mifereji ya kuyatoa haraka na mpira ulio imara. Kwenye lami yenye joto iliyolowa, tairi la baridi huchelewa kusimama.

Nne, kuchakaa. Mpira laini kwenye lami ya moto hulika haraka. Kashata ndefu zilizomfurahisha mnunuzi zinaisha mapema, na ile pesa aliyodhani ameokoa inatoka tu.

Tano, joto ndani ya tairi lenyewe. Mpira unaojikunja sana huzalisha joto. Ongeza abiria watano, mizigo, upepo pungufu na safari ndefu ya mchana, na uwezekano wa tairi kupasuka unaongezeka.

Jinsi ya kusoma ubavu wa tairi

Dakika mbili za kuinama zinatosha. Vitu vya kutafuta ni hivi:

1. *Neno "STUDLESS", "SNOW", "ICE" au "WINTER".* Likiwepo, hilo ni tairi la baridi.

2. *Mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.* Unaonyesha tairi limefaulu jaribio la theluji. Matairi ya baridi huwa nao, na baadhi ya yale ya misimu yote pia.

3. *Herufi "M+S".* Zinamaanisha tope na theluji. Peke yake alama hii haithibitishi kuwa tairi ni la baridi. Matairi mengi ya misimu yote, na hata ya magari makubwa ya porini, huwa nayo.

4. *Saizi na herufi ya mwendo.* Chukua mfano wa 215/60R16 95H. Namba 215 ni upana kwa milimita. 60 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 60 ya upana huo. R ni muundo wa radiali, na 16 ni rimu ya inchi 16. 95 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 690. H ni mwendo wa juu, kilomita 210 kwa saa.

Matairi mengi ya baridi ya Japani huishia na herufi Q, yaani kilomita 160 kwa saa. Mtu atasema, nani anakimbia 160? Lakini herufi hiyo inahusu pia joto ambalo tairi linaweza kuhimili. Gari lililotengenezwa kutumia H au V halipaswi kuvishwa Q kwenye nchi ya joto.

5. *Namba nne za tarehe.* Huwa mwishoni mwa mstari unaoanza na "DOT", au zimeandikwa peke yake. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafikisha miaka 5, na litolewe likifika miaka 10 hata kama kashata bado zipo.

Na kama maandishi yamefutika? Tazama kashata zenyewe. Mikato mingi ya kupinda kama mawimbi kwenye kila kashata ni dalili ya tairi la baridi. Bonyeza kwa ukucha: likiwa laini kuliko matairi mengine ya hapo dukani, ongeza shaka.

Basi, lipi lifungwe?

Kwa pwani na nyanda zote za joto, jibu ni tairi la joto lenye saizi, uzito na herufi ya mwendo iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari. Madukani huku halitaitwa hivyo. Mara nyingi ni tairi la kawaida tu lisilo na alama ya theluji.

Tairi la misimu yote linaweza kukubalika kwa gari linaloendeshwa kwa upole, hasa lile lenye "M+S" pekee. Lenye mchoro wa mlima na theluji huegemea upande wa baridi, hivyo kwa sedani yenye nguvu ni bora kuliacha.

Vipi kuhusu Njombe, Makete, Limuru au Nyahururu? Baridi ya huko ni kali, na asubuhi ya Juni mtu anahitaji koti. Lakini jua likitoka joto hupanda vizuri juu ya nyuzi 7, na barabara hazifunikwi na barafu kwa miezi. Tairi la joto lenye kashata nzuri linatosha. Tatizo la kweli huko ni tope la barabara za vumbi, na tope hilo linahitaji mwendo mdogo na tairi lisilo kipara kuliko mpira wa theluji.

Kwa walioko ughaibuni

Hesabu inageuka kabisa kwa Mswahili anayeishi Toronto, Minneapolis au Berlin. Huko tairi la joto la gari la kimichezo, ambalo ndilo bora kiangazi, hukakamaa baridi ikiingia. Kwenye barafu kali mpira wake unaweza hata kupata nyufa.

Mwenye sedani ya mwendo huko ana njia mbili. Ya kwanza ni kuwa na seti mbili, ya joto na ya baridi, na kubadilisha msimu unapogeuka. Ni gharama mwanzoni, ila kila seti inapumzika nusu mwaka. Ya pili ni misimu yote yenye alama ya mlima na theluji, kwa anayeishi mahali ambapo theluji ni ya kupita tu.

Sheria nazo zipo. Quebec, Kanada, inalazimisha matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ujerumani, barabara ikiwa na barafu au theluji, gari lazima liwe na matairi yanayofaa, na tangu Oktoba 2024 "M+S" pekee haihesabiki tena. Kote huko kanuni ni moja: yafungwe manne, siyo mawili. Mawili yakishika na mawili yakiteleza, gari linazunguka.

Pesa ikiwa haitoshi kwa manne

Hali hii ni ya kawaida. Gari limemaliza bajeti, na fundi anasema badilisha mawili kwanza. Kwa Mark X na magari mengine, matairi mazuri zaidi yafungwe nyuma. Nyuma ikipoteza mshiko, gari huzunguka ghafla na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Kwa Subaru inayosukuma magurudumu yote manne, kuchanganya kashata ndefu na fupi kunaweza kuumiza mfumo wa kugawa nguvu. Hapo ni afadhali kusubiri na kununua manne ya aina moja. Wakati wa kusubiri: mwendo mdogo, nafasi kubwa nyuma ya gari la mbele, na safari ndefu za mchana ziahirishwe.

Upepo nao usisahaulike. Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye magari ya Japani huonyesha kipimo cha kPa. 220 kPa ni karibu sawa na 32 kwenye mashine ya psi. Kipimwe tairi likiwa limepoa.

Kabla ya kulipa

Anayeagiza gari amwombe wakala picha nne za karibu, moja kwa kila tairi, zinazoonyesha ubavu, saizi na namba za tarehe. Zikionyesha "STUDLESS", bei ya matairi manne iingizwe kwenye bajeti kabla ya pesa kutumwa, na gari lifungwe matairi mapya kabla ya kuanza safari ya kutoka bandarini kwenda Mwanza, Kampala au Kigali.

Na yale ya baridi yakishatolewa, yasiuzwe kwa jirani kama tairi zuri la mtumba. Kwenye gari lake pia yatachelewa kusimama.