Dakika Mbili Baharini

Juma hili twataka kuzungumza juu ya meli moja iliyotoka bandarini kwetu mwaka 1944, ikaenda isirudi. Kila tungojapo feri pale Likoni na kuitazama meli kubwa ikipita kwenye mlango wa Kilindini, twaitazama njia ile ile aliyoishika nahodha wake. Lakini tukiwauliza vijana wetu jina la meli hiyo, ni wachache watakaolijua. Iliitwa Khedive Ismail.

Habari za misafara ya meli wakati wa Vita Kuu ya Pili mara nyingi husimuliwa kutoka kaskazini ya mbali. Twasikia juu ya mabaharia waliopeleka silaha na chakula Urusi, katika bandari za Murmansk na Arkhangelsk, tangu 1941 hata 1945. Maji yaliyorukia sitaha yaliganda yakawa barafu, na watu wakaivunja kwa mashoka ili uzito wake usiipindue meli. Aliyeanguka baharini aliweza kufa kwa baridi katika dakika chache. Huo ni ushujaa wa kweli, wala hatuupunguzi. Ila sisi wa pwani tukisikia hayo twaweza kudhani ya kuwa bahari yetu, kwa kuwa ni ya joto, ilikuwa na amani. Haikuwa hivyo.

Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Wajapani zilishambulia Colombo na Trincomalee, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi chaitwa Sri Lanka. Waingereza wakaona hatari, wakahamishia manowari zao nyingi Kilindini. Kule Port Reitz, upande wa Changamwe, ndege za vita zikawa zikishuka na kupaa. Katikati ya mwaka huo nyambizi za Wajapani zikafika hata Mlango wa Msumbiji, zikazamisha meli zaidi ya ishirini. Ndipo ikaonekana wazi ya kuwa meli iendayo peke yake ni kama mbuzi aliyeachwa nje usiku. Zikawa zinakwenda pamoja, na manowari zikizilinda.

Basi, mapema mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli tano ukaondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301, pamoja na maofisa wao. Wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikwisha kutangulia Ceylon, na mwaka huo huo walipelekwa Burma kupigana. Walikuwamo pia wauguzi wanawake zaidi ya hamsini, na wanawake wengine wa jeshi. Na tusiwasahau mabaharia wenyewe, watu wa moto na makasia ya mashua, ambao katika habari za vita huwa hawatajwi.

Jumamosi tarehe 12 Februari, yapata saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliwatupia topido, yaani makombora yapitayo chini ya maji. Mawili yakaipiga Khedive Ismail. Watu wengi walikuwa chini, ndani ya tumbo la meli. Meli ya Mtume Paulo ilisukumwa na dhoruba siku kumi na nne kabla ya kuvunjika, na watu wote 276 wakafika pwani. Hawa walipewa kama dakika mbili tu. Meli ikalala, ikavunjika, ikazama.

Zile meli nne nyingine zikatawanyika, zikaenda zake. Hatuwezi kuwaita waoga: kusimama hapo kungekuwa kumpa adui shabaha nyingine, nazo zilijaa watu. Manowari mbili, Petard na Paladin, zikabaki. Paladin ikashusha mashua, na mabaharia wake wakaanza kuwavuta watu majini huku wakijua ya kuwa adui yuko chini yao.

Hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya maji yale yale waliyokuwa wakielea wale walionusurika. Kamanda wa Petard angefanya nini? Akiacha, Paladin iliyosimama ingeweza kupigwa, na kesho msafara mwingine. Akitupa mabomu ya kulipuka chini ya maji, angewaua watu wake mwenyewe. Akayatupa. Baadhi ya watu waliokuwa wameponea chupuchupu wakafa kwa mabomu ya wenzao. Sisi tulioketi penye nchi kavu tumejadili jambo hili mara nyingi, wala hatujapatana. Wako wasemao alitenda lililompasa. Wako wasemao hakuna amri ya namna hiyo impasayo mtu. Tunalokubaliana ni kwamba yeye hakuwa na nafasi ya kujadili.

Mwishowe nyambizi ikalazimika kuibuka. Paladin ikaenda kuigonga, na bawa la nyambizi likaupasua ubavu wake vibaya. Mizinga ya Petard haikuweza kuizamisha. Ikatupa topido moja baada ya nyingine, zote zikakosa, hata ya saba ikapata. I-27 ikazama pamoja na mabaharia wake, nao pia walikuwa wana wa watu.

Muda huo wote, kwa saa kadhaa, waliobaki walishikilia maboya na vipande vya mbao wakingoja. Wanaume 208 na wanawake 6 ndio waliotoka hai. Karibu watu 1,300 walikufa.

Askari wetu wale hawana kaburi. Ukienda Nairobi, barabara ya Ngong, ndani ya Makaburi ya Vita, utaona Ukumbusho wa Afrika Mashariki. Hapo wanakumbukwa wanajeshi waliozama na Khedive Ismail, pamoja na wale waliokufa njiani kuelekea Ethiopia na katika kisiwa cha Madagaska mwaka 1942, ambao miili yao haikuonekana.