"Uzazi wa bure": na vipimo je?

1/ Kila kampeni hapa Mombasa, hoja ya "uzazi wa bure" haikosi. Tuweke historia sawa.

2/ Juni 2013 serikali ilifuta ada ya kujifungua hospitali za umma. Nilikuwa mjamzito, nakaa Mji wa Kale. Kliniki bado nililipia maabara: damu, mkojo, kaswende.

3/ Oktoba 2016 ikaja Linda Mama, chini ya NHIF. Baadaye na kliniki ya wajawazito ikaingizwa.

4/ Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, Linda Mama ikawa Linda Jamii. Sasa lazima ujisajili.

5/ Jamani, upungufu wa damu hausubiri leba. Mgombea akisema "kuzaa bure", muulize: na vipimo je?