Lenzi ya makro: Zingatia umbali kabla ya kuulizia bei

MTU anapoingia dukani kununua lenzi ya kupigia picha za vitu vidogo, kama vile nyuki, ua au jiwe la pete, aghalabu swali la kwanza analoulizwa ni kiasi cha pesa alicho nacho. Swali linalostahili kutangulia ni jingine kabisa: anakusudia kupiga picha ya kitu gani, na je, kitu hicho kitamruhusu akisogelee kwa umbali gani?

Si swali la mzaha. Lenzi hizi ni ghali, na mwenye kuinunua isiyomfaa hugundua hivyo akiwa tayari amepiga magoti kwenye nyasi, kipepeo akipaa.

Kwanza, jina lenyewe hutumiwa ovyo. Kwa maana yake halisi, lenzi ya makro ni ile inayoweza kukichora kitu kwa ukubwa wake wa kweli juu ya sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Nyuki mwenye urefu wa milimita 12 atachukua milimita 12 za sensa. Kipimo hicho huandikwa 1:1. Lenzi nyingi za zumu zimechapishwa neno “makro” ubavuni ilhali hukomea 1:3 au 1:4. Hata baadhi ya lenzi zilizobuniwa mahususi kwa kazi hii hazifiki huko. Canon EF 50mm f/2.5 iliyotoka mwaka wa 1987 hukomea 1:2. Kampuni ya Nikon nayo huziita lenzi zake “Micro”, kwa hivyo mnunuzi asihangaike akilikosa neno alilozoea.

Njia rahisi ya kuupata ukweli ni kubeba rula hadi dukani. Isogeze lenzi karibu na rula hadi pale fokasi inapokataa kuendelea, piga picha, kisha uhesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo mmoja wa picha hadi wa pili. Kwa kamera yenye sensa kubwa ya upana wa milimita 36, ukihesabu 36 basi lenzi imefikia 1:1. Ukihesabu 72, imefikia nusu tu. Kamera nyingi za bei ya kadiri zina sensa ya upana wa milimita 22 hadi 24, na hesabu ifuate upana huo.

Sasa tuje kwenye umbali, ambao ndio kiini cha mambo. Umbali wa chini unaotajwa na watengenezaji hupimwa kutoka kwenye sensa, wala si kutoka kwenye ncha ya lenzi. Canon EF 100mm f/2.8L ya mwaka wa 2009 huandikiwa sentimita 30. Ukiondoa urefu wa lenzi yenyewe na nafasi iliyo ndani ya kamera, hubaki sentimita 13 hivi kati ya kioo cha mbele na mdudu. Canon EF-S 60mm ya mwaka wa 2005 huandikiwa sentimita 20, na kinachobaki ni kama 9. Nikon DX 40mm ya mwaka wa 2011 hubakisha chini ya sentimita 4, kiasi kwamba lenzi hukitia kivuli kile kile inachokipiga picha. Kwa upande mwingine, Nikon 200mm f/4 ya mwaka wa 1993 hubakisha takriban sentimita 26, ila mwenye kuibeba ajue kwamba ina uzani wa zaidi ya kilo moja.

Sarafu, stempu na vito havitoroki. Anayepiga picha za bidhaa hizo mezani, huku ameweka kamera juu ya stendi, hana haja ya kulipia zaidi ya lenzi ya milimita 50 au 60. Vipepeo wa msitu wa Kakamega au Arabuko-Sokoke hawana subira hiyo. Kwao, lenzi ya kati ya milimita 90 na 105 ndiyo ya chini kabisa ninayoweza kuipendekeza, na asubuhi kabla ya jua kuwapasha joto ndio wakati bora, maana mbawa baridi haziruki upesi. Siafu hawatoroki, hapo anayehitaji umbali ni mpigapicha.

Urefu huo wa milimita 100 hivi ndio unaowafaa watu wengi, na hata madaktari wa meno huutumia kunakili hali ya vinywa vya wagonjwa.

Wauzaji hupenda kusifu upenyo mkubwa wa f/2.8. Usikubali uwe hoja ya kukupandishia bei. Katika kipimo cha 1:1 mwanga hupungua kwa hatua mbili, hivi kwamba f/2.8 hufanya kazi kama f/5.6. Isitoshe, hata ukiufunga upenyo hadi f/8 kwenye kamera ya sensa kubwa, sehemu ya picha inayotoka wazi ina kina kisichozidi milimita moja: jicho la nzi litaonekana, bawa lake lififie. Ukiufunga kupita f/16, picha nzima huanza kupoteza ukali. Kidhibiti cha mtikisiko nacho husaidia kwa kiasi tu. Canon yenyewe ilieleza kwamba kile cha lenzi yake ya 2009 huokoa hatua nne katika picha za kawaida, lakini mbili pekee kwenye 1:1. Pesa hizo afadhali zinunue flashi.

Kwa asiye na uwezo wa kununua lenzi mpya, kuna mirija ya kurefushia, ambayo haina kioo ndani. Mrija wa milimita 25 ukiwekwa nyuma ya lenzi ya kawaida ya milimita 50 huifikisha kwenye nusu ya ukubwa halisi na zaidi kidogo. Gharama yake ni kwamba lenzi haitaweza tena kupiga picha ya kitu kilicho mbali hadi mrija utolewe, na umbali kutoka kwa mdudu hubaki mdogo.

Soko la lenzi kuukuu nalo lina hazina, maadamu mnunuzi anakagua. Lenzi za Canon za EF hufanya kazi kwenye kamera mpya za RF kwa kutumia adapta. Kwa Nikon, lenzi za zamani za AF-D hutegemea mota iliyo ndani ya kamera. Kamera kama D40 ya mwaka wa 2006 haina mota hiyo, na fokasi italazimika kuzungushwa kwa mkono. Wapigapicha wengi wa makro hufanya hivyo hata hivyo.

Mwisho ni kuvu, hasa kwa lenzi iliyokaa Mombasa, Lamu au kwingineko penye unyevu. Angaza tochi kutoka upande mmoja na utazame kupitia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, irudishe kwa mwenyewe, kwani kuvu ikishakula utando wa kinga ulio juu ya kioo, kuisafisha hakurejeshi kilicholiwa.