Lugha katika Mafunzo ya Juu ya Tiba ya Watoto Mahututi: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Pwani ya Rumonge, Burundi

1.0 Utangulizi

Tuchukue mfano wa watoto wawili wanaofikishwa usiku mmoja katika hospitali ya pwani ya Ziwa Tanganyika. Wote wawili wamelegea, mikono yao ni baridi, mapigo ya moyo ni ya haraka na dhaifu, na ncha ya kidole ikibonyezwa damu inachelewa kurudi. Mmoja ameharisha maji tangu alfajiri. Mwingine ana homa kali ya siku tatu na hajaharisha kabisa. Wa kwanza atakufa asipoongezewa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Wa pili anaweza kufa kwa sababu ya maji hayohayo. Tofauti kati yao mara nyingi imo katika maelezo ya mama kabla haijaonekana kwenye kipimo chochote.

Makala haya yanachunguza historia ya mafunzo ya wahudumu wa tiba katika pwani ya Rumonge na Nyanza-Lac kwa kuuliza swali moja: wahudumu hao walifundishwa kwa lugha gani, na wagonjwa wao waliongea lugha gani? Hoja yetu ni kwamba kwa zaidi ya karne moja, kila ngazi ya mafunzo iliyoongezwa imekuwa ikimpandisha mhudumu kielimu huku ikimweka mbali zaidi na lugha ya mgonjwa. Wakati huu ambapo vyuo vya Afrika Mashariki vinafungua mafunzo ya uzamili na ubobezi kwa wauguzi na matabibu wa watoto mahututi, kuna nafasi ya kutoirudia historia hiyo.

2.0 Kiswahili katika Kambi za Malale

Rumonge iko takribani kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Kiswahili kilifika katika ufuo huu pamoja na biashara iliyokuwa na kitovu chake Ujiji, na utawala wa Wajerumani ukakifanya chombo cha kazi zake. Kwa hiyo ugonjwa wa malale ulipoenea kandokando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, hatua za kuukabili zilichukuliwa katika mazingira ambamo Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya serikali na wananchi.

Baada ya msafara wa Robert Koch wa 1906–1907 katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, Wajerumani walifungua kambi za matibabu katika maeneo mengine, zikiwamo za Imbo ya kusini, yaani pwani tunayoizungumzia. Mwanahistoria Mari Webel, katika kitabu chake cha 2019 kuhusu malale katika Afrika Mashariki, ameonyesha nafasi ya wasaidizi Waafrika waliofundishwa kupapasa tezi za shingo ili kuwatambua wagonjwa. Wasaidizi hao walikwenda vijijini, wakazungumza na wakuu wa familia, wakashika shingo za watu na kuamua nani aitwe kambini.

Hatuna sababu ya kuzipamba kambi hizo. Dawa iliyotumika, atoksili, ilikuwa na aseniki na iliwapofusha baadhi ya wagonjwa, na watu wengi walizikwepa. Hata hivyo, kwa mada yetu, jambo moja linabaki: mtu wa kwanza kupewa ujuzi mahususi wa tiba ya kisasa katika mazingira hayo alikuwa msaidizi ambaye kazi yake isingewezekana bila lugha. Uchunguzi na mazungumzo vilikuwa kazi moja.

3.0 Astrida na Kuhama kwa Lugha ya Mafunzo

Wabelgiji walichukua eneo hili mwaka 1916. Chini yao Kiswahili kilipoteza hadhi ya lugha ya utawala na kubaki zaidi katika mitaa ya Waswahili ya Usumbura, kama Buyenzi, na katika miji ya ufuoni. Chuo cha Astrida, ambapo leo ni Huye nchini Rwanda, kiliundwa mwaka 1929 na kuanza kufundisha mwaka 1932. Miongoni mwa michepuo yake ulikuwamo ule wa madaktari wasaidizi kwa ajili ya Ruanda-Urundi yote. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kifaransa.

Hapo ndipo mgawanyiko ulipoanza kuwa wa kitaasisi. Ujuzi ulipewa jina kwa Kifaransa, ukaandikwa katika faili kwa Kifaransa, na kupimwa kwa mitihani ya Kifaransa. Kirundi na Kiswahili vilibaki mlangoni mwa wodi. Msamiati wa kila siku unahifadhi kumbukumbu hiyo. Muuguzi kwa Kirundi ni umuforoma, neno lililotokana na Kifaransa. Daktari ni umuganga, na mganga wa jadi ni umupfumu. Katika Kiswahili cha Tanzania, neno mganga linaweza kumhusu Mganga Mkuu wa Wilaya au mganga wa kienyeji, na ni muktadha pekee unaowatenganisha. Mama aliyezoea matumizi ya Kigoma akisema mtoto "amekwisha kupelekwa kwa mganga," muuguzi wa Rumonge anaweza kuelewa kwamba mtoto ametoka kituo cha afya na amepewa dawa za hospitali. Kosa la namna hiyo huweza kupoteza siku nzima ya maelezo ya ugonjwa.

Uhuru wa 1962 uliigawa Ruanda-Urundi kuwa nchi mbili, na Astrida ikabaki upande wa Rwanda. Burundi ililazimika kujenga upya mafunzo yake, na iliendelea kuyajenga kwa Kifaransa.

4.0 Mwaka 1972 na Lugha Iliyovuka Ziwa

Uasi ulioanza tarehe 29 Aprili 1972 katika eneo la Rumonge na Nyanza-Lac, pamoja na mauaji yaliyoandamana nao, ulifuatiwa na mauaji makubwa zaidi yaliyofanywa na dola nchini kote, ambayo yaliwalenga hasa Wahutu wenye elimu. Waliopotea ni pamoja na walimu, wanafunzi na wauguzi. Kwa nchi yenye kada ndogo ya afya, hilo lilikuwa pigo lililovuka kizazi kimoja.

Walionusurika kwa kukimbilia Tanzania waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili na walitibiwa katika zahanati zilizoongea Kiswahili. Takribani watu 162,000 walipewa uraia wa Tanzania, lakini makumi ya maelfu ya wengine walirejea Burundi kuanzia mwaka 2008, na wengi walifikia mikoa ya kusini, Rumonge ikiwamo. Mama aliyekulia Katumba analijua neno degedege, ambalo Watanzania hulitumia kwa mtukutiko wa mtoto mwenye homa. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba baadhi ya wazazi waliamini mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Muuguzi anayelisikia neno hilo na kuandika "mtukutiko" tu amepata dalili, lakini amepoteza onyo kwamba mama huyu huenda akaikataa sindano.

Ziwa limeendelea kuleta wasemaji. Mwishoni mwa Januari 2018 maelfu ya watu wa Fizi, Kongo, walivuka kwa mitumbwi wakikimbia mapigano na kutua Rumonge na Nyanza-Lac. Hao waliongea Kiswahili cha Kongo, na wengi wao hawakujua Kirundi.

5.0 Mhudumu wa Ngazi ya Juu Si Mgeni Kwetu

Katika mijadala ya sera, muuguzi au tabibu mwenye mafunzo ya juu na mamlaka ya kuamua matibabu mara nyingi huelezwa kuwa wazo lililotoka Marekani. Ni kweli kwamba Loretta Ford na Henry Silver walianzisha programu yao katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, na kwamba ilianza kwa ajili ya watoto. Lakini Tanganyika ilikuwa imeanza kuwaendeleza matabibu wenye uzoefu kuwa madaktari wasaidizi mwaka 1963. Kenya nayo imekuwa na maafisa tabibu wanaojiendeleza kwa stashahada ya juu, wakiwamo wa fani ya watoto.

Leo ngazi hiyo imerefuka. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Hospitali ya Kijabe nchini Kenya inafundisha maafisa tabibu wa dharura na wagonjwa mahututi. Mrundi anayetaka ujuzi huu ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki atasoma kwa Kiingereza, baada ya kusoma uuguzi kwa Kifaransa, ili arudi kuwahudumia wasemaji wa Kirundi na Kiswahili. Ataonana na Kiswahili cha wagonjwa wa Nairobi au Dar es Salaam akiwa mafunzoni, lakini hakuna atakayempima katika hilo. Akijifunza Nairobi kwamba homa ni mafua, atarudi Rumonge ambako homa ni joto la mwili. Akimsikia mama akisema mtoto "anaendesha," Kiswahili cha shuleni kitamkumbusha gari, si tumbo.

6.0 Uamuzi Unaotegemea Maelezo

Tofauti hizi zina uzito wa kitabibu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na dalili za upungufu wa mzunguko wa damu. Kati ya walioongezewa maji kwa kasi, vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 kwa aina mbili za maji. Kati ya wasioongezewa, vilikuwa asilimia 7.3. Watoto wenye ugonjwa wa kuharisha hawakuingizwa katika utafiti huo, kwa sababu kwao maji ni tiba. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliorekebishwa wa huduma ya dharura kwa watoto.

Ujuzi huu ulizaliwa katika wodi za Afrika Mashariki, na matumizi yake yanategemea maswali mepesi: mtoto ana homa? Ameharisha? Tangu lini? Katika ufuo ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara na malaria haiondoki, majibu yake ndiyo yanayowatenganisha watoto wawili tuliowataja mwanzoni. Tangu Mei 2006 matibabu ya watoto chini ya miaka mitano yametolewa bila malipo nchini Burundi, na akina mama wamefika kwa wingi. Wamefika na maelezo yao. Suala lililobaki ni nani anayeyaelewa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Inaweza kupingwa kwamba Kirundi kinatosha, kwa kuwa Warundi karibu wote wanakizungumza. Kwa nchi nzima hoja hiyo ina nguvu, na makala haya hayapendekezi Kiswahili kichukue nafasi ya Kirundi kitandani kwa mgonjwa. Lakini mkimbizi wa Fizi na mama aliyerejea kutoka Tanzania hawamo katika hoja hiyo. Wala haisemi mkufunzi wa Muhimbili na muuguzi wa Rumonge watajadili mgonjwa mmoja kwa lugha gani.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, programu za uzamili na ubobezi katika tiba ya watoto mahututi ndani ya Jumuiya ziweke mtihani wa kuchukua maelezo ya mgonjwa kwa Kiswahili, wenye alama kama mtihani mwingine wa vitendo. Pili, Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki iliyoko Bujumbura na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar zikusanye kwa pamoja maneno ambayo wazazi wa Rumonge, Uvira, Kigoma na Mombasa huyatumia kutaja dalili za hatari kwa mtoto. Kazi hiyo ianze kwa kusikiliza kabla ya kusanifisha. Tatu, sehemu ya mafunzo kwa vitendo ifanyike katika hospitali za ufuoni, ambako Kiswahili cha pande tatu za ziwa hukutana.

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana itakayoendelezwa. Chumba cha watoto mahututi ni mahali pazuri pa kuitekeleza, kwa kuwa hapo kutoelewana hugharimu maisha ya mtoto. Msaidizi wa kambi za malale alipewa ujuzi mdogo, lakini aliweza kuzungumza na wale aliowachunguza. Mtaalamu wa leo anapewa ujuzi mkubwa. Mafunzo yake hayana budi kumrudishia na lugha ya kuutumia.