Birika la Mlawi: Historia Fupi ya Alama za Nyumba za Makuhani

Katika matayarisho ya Jubilii hii ya miaka 50, jambo lililoleta mjadala mrefu kuliko yote ni nembo mpya ya kwaya yetu. Wako wanaotaka taji, wako wanaotaka kinubi. Kamati itapokea maoni yenu baada ya sherehe. Kabla ya hapo, ni vyema tujue alama za watumishi wa Mungu wa zamani zilimaanisha nini.

Nembo za wafalme tunazijua. Nguzo ya Vasco da Gama, hapa Malindi, ina msalaba wa mawe yaliyotoka Lisbon, nao umechongwa nembo ya Ureno. Baharia huyo alifika mwaka 1498, na kila aliyeiona alama ile alielewa ni mfalme gani aliyemtuma. Nembo ya mfalme hutangaza mamlaka.

Alama za nyumba za makuhani wa Kiyahudi hutangaza kazi. Kitabu cha Hesabu kinaeleza kwamba makabila ya Israeli yalipiga kambi kila moja chini ya beramu yake. Walawi walikaa kando, wakiizunguka maskani, na kilichowatambulisha ni mizigo yao. Wana wa Gershoni walibeba mapazia, wana wa Kohathi vyombo vitakatifu, wana wa Merari mbao na nguzo. Kwa lugha yetu, walikuwa wapagazi.

Alama za kuchongwa zilikuja karne nyingi baadaye. Katika makaburi ya kale ya Wayahudi huko Prague, mawe ya watu wa uzao wa Haruni yana mikono miwili iliyoinuliwa, vidole vimetengwa, kama kuhani anavyowabariki watu. Mawe ya Walawi yana birika, kwa sababu kabla ya kuhani kubariki, Mlawi humwagia maji mikononi. Sisi wa pwani hatuhitaji maelezo zaidi. Wageni wakija kula, anayeshika birika na beseni kuwanawisha mara nyingi ni mdogo wa nyumba. Hata hivyo Walawi hawakuona haya kuiweka alama hiyo juu ya makaburi yao.

Waimbaji je, walitoka wapi? Sanduku la Agano lilipopata mahali pa kukaa, kazi ya kubeba ilikwisha, na Daudi akawaweka Walawi katika huduma ya uimbaji. Soma 1 Mambo ya Nyakati sura ya 6: Hemani alitoka kwa Kohathi, Asafu kwa Gershoni, Ethani kwa Merari. Ni nyumba zile zile tatu za wapagazi. Sura ya 25 inataja waimbaji 288 katika zamu 24, na kura ilipigwa kwa wote sawasawa, mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi.

Tena Hemani alikuwa wa uzao wa Kora, yule aliyegombea ukuhani jangwani akamezwa na ardhi. Wanawe hawakufa naye. Uzao wake ulipewa kulinda milango na kuimba. Babu aliangamia akitafuta cheo, na wajukuu wakaheshimiwa kwa utumishi. Kwaya ngapi tunazozijua zimevunjika kwa kugombania mstari wa mbele, maikrofoni au uongozi?

Ndugu zangu, miaka 50 haikuletwa na sauti nzuri peke yake. Kuna waliobeba ngoma na kayamba kwa miguu hadi kwenye mikutano, waliofua sare, waliofagia kanisa kabla ya mazoezi. Tukichagua kinubi, tukivae tukijua kwamba waliopiga vinubi hekaluni walikuwa watoto wa wapagazi. Na atakayependekeza birika, tusimcheke.

Mungu aibariki kwaya yetu, na heri ya Jubilii kwenu nyote.

Katibu wa Kwaya